Mgeni wa Usiku Kumi na Nne

Jumatatu, 28 Agosti

Mchungaji Roelfsema alinijia leo asubuhi bila miadi. Katika miaka yote niliyomjua hajapata kunijia bila miadi. Kwa hiyo nilipomwona mlangoni akipangusa viatu kwa muda mrefu kupita kiasi, nikajua amekuja kuomba jambo ambalo wengine wamekwisha kulikataa.

Jambo lenyewe ni hili. Sinodi ya Sumba, kisiwa cha Indonesia ambacho kanisa letu limekiombea na kukichangia tangu siku za babu yangu, imemtuma binti mmoja kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha mji wetu hapa Uholanzi, elimu ya maji na udongo. Chumba alichokipanga kwa mtandao akiwa kwao hakikuwapo. Anwani aliyopewa ni ya karakana ya baiskeli. Tangu Jumamosi analala katika ukumbi wa michezo wa chuo, pamoja na wageni wengine waliokosa vyumba. Asipopata mahali pa kukaa hadi mwisho wa Januari, sinodi itamwita arudi, na nafasi ile haitatolewa mara ya pili.

"Umewauliza ndugu wengine?" nilimwuliza.

"Nimewauliza."

"Hata wenye nyumba za vyumba vitano?"

"Hessel," akasema huku akiitazama kofia yake, "ungekuwa wa kwanza nisingekuja bila miadi."

Nikakubali, lakini si kwa moyo mkunjufu. Nina umri wa miaka sabini na saba. Tangu mke wangu Sietske alipoitwa na Bwana, nimeishi peke yangu katika Ua ambao kanisa limewajengea watu wazee: vijumba vinavyoizunguka bustani moja, lango moja linalofungwa saa nne usiku, na kanuni zilizotungwa kabla mababu zetu hawajazaliwa. Mojawapo yasema kwamba mgeni asilale humu zaidi ya usiku kumi na nne. Leo sikuihuzunikia kanuni hiyo. Niliishukuru.

Jumatano, 30 Agosti

Amefika. Jina lake ni Rambu Adriana Ndilu, na ana miaka ishirini na mmoja. Sanduku lake ni kubwa kuliko yeye. Amenipa mkono kwa mikono yote miwili na kuniinamia, kisha akaniita Babu bila kuniuliza kama napenda. Tunasemezana kwa Kiingereza chetu cha shule. Nimemwonyesha ngazi ya chumba cha dari, taulo, na saa ya ukutani. Chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili.

Jumapili, 3 Septemba

Amefua nguo siku ya Bwana na kuzianika dirishani upande wa bustani, mbele ya macho ya Ua mzima. Nitasema naye kesho, maana sitaki kukasirika Jumapili.

Alhamisi, 7 Septemba

Pilipili. Nilifungua madirisha yote, na hata hivyo nilikohoa hadi mwisho wa maombi.

Jumamosi, 9 Septemba

Leo wamekuja wenzake wawili wa chuoni, mmoja Mnepali na mwingine kutoka Chile, bila miadi, saa kumi na moja na nusu jioni. Niliwapa kahawa na biskuti moja kila mmoja, kisha nikafunga kopo la biskuti, kama ifanyikavyo kwetu. Walikaa. Ilipofika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nikasimama na kusema kwa upole kamili:

"Haya. Sasa sisi tutakula."

Katika mji huu hata mtoto wa miaka minne akilisikia neno hilo hutafuta koti lake. Hawa walitabasamu na kuvuta viti karibu na meza. Ikanibidi kuwaletea makoti yao mimi mwenyewe.

Rambu hakugusa chakula chake.

"Babu, walikuwa na njaa."

"Hawakualikwa."

"Kwetu hakuna anayealikwa kula. Mtu anakuja, anakuta sufuria."

"Na ikiwa sufuria haitoshi?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza itakuwaje jua lisipochomoza. "Unaongeza maji, Babu."

Nimekasirika jioni nzima. Nilimkasirikia yeye, kisha wale wawili, kisha viazi. Nilipika viazi sita kwa ajili ya watu wawili, na vitatu vimebaki.

Jumanne, 12 Septemba

Usiku wa kumi na nne. Jioni Folkert Dijkema alinitembelea. Folkert ni mzee wa kanisa kama mimi, na pia ni mwenyekiti wa wasimamizi wa Ua. Tumeketi benchi moja kanisani kwa miaka ishirini na saba, na kila Jumapili mahubiri yanapoanza hunipitishia peremende yangu bila kunitazama.

"Ndugu Hessel, umefanya wema," akasema. "Kesho anahamia wapi?"

"Hajapata pa kuhamia."

"Ah." Akakoroga kahawa yake. "Inasikitisha. Ila kanuni ni kanuni. Tukimruhusu huyu, mwezi ujao mwingine ataleta mjukuu, mwingine ataleta mbwa."

Nilikuja mezani nikiwa tayari kukubaliana naye. Nilikwisha kumwonyesha Rambu jinsi ya kukunja mashuka. Lakini nilipolisikia neno mbwa, nikasikia sauti yangu ikiomba muda zaidi.

Folkert akafikiri, kisha uso wake ukang'aa. "Lakini tarehe tano Novemba ni Jumapili ya Misheni! Kamati ilitaka mtu wa kuzungumza. Anayo yale mavazi yao? Basi na akae hadi siku hiyo. Nitawaeleza wasimamizi."

Kwa hiyo amepata paa kwa sababu ya nguo. Nilimshukuru Folkert, nikamsindikiza hadi langoni, na niliporudi niliufunga mlango kwa kishindo. Sikuelewa mara moja kwamba ilikuwa ghadhabu.

Ijumaa, 22 Septemba

Mvua. Rambu anajifunza baiskeli bustanini. Huyu binti hupanda farasi bila tandiko tangu utotoni, lakini baiskeli imemwangusha mara nne katika maua ya wasimamizi. "Farasi anajua anakokwenda," aliiambia. Nilicheka. Sikumbuki nilicheka lini kabla ya hapo.

Jumatano, 27 Septemba

Amerudi kutoka chuoni na kuketi mezani bila kuvua koti. Anafanya kazi ya kikundi na wanafunzi watatu wa hapa, na hapa wanafunzi hupeana alama wao kwa wao. Kijana mmoja aitwaye Sjoerd amemwambia mbele ya wote: "Wewe husemi kitu. Tumekupa nne kati ya kumi. Usijisikie vibaya, ni maoni tu."

"Na ni kweli hukusema kitu?" nikamwuliza.

"Hawakuniuliza, Babu."

"Hapa hakuna anayeuliza. Unaingia tu."

"Kama kuku kwenye mtama?"

"Kama hivyo hasa."

Akanieleza kile ambacho angekisema. Wao wamechora mifereji mizuri ya kuyaondoa maji shambani. Naye anatoka mahali ambapo mvua hunyesha miezi mitatu na kukata. "Ninyi mmesoma namna ya kuyafukuza maji, Babu. Mimi nimekuja nijue namna ya kuyashika."

Nilifundisha shule miaka arobaini. Ningekuwa mwalimu wao, Sjoerd angeandika sentensi hiyo ubaoni hadi chaki iishe.

Alhamisi, 12 Oktoba

Vyumba. Kila jioni anakwenda kutafuta. Katika mji huu vijana wanaoishi pamoja humchagua mpangaji mpya kwa kura: huwaita watu thelathini jioni moja, huwaketisha jikoni, huwahoji, kisha hupiga kura juu ya nani wanampenda. Amekwenda nyumba kumi na moja. Nyingine zimeandika wazi kwamba mgeni wa nje asijisumbue.

Leo alikwenda kwenye nyumba ya mjukuu wangu Femke. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi kwa Femke, na nilikuwa na hakika. Alirudi saa tatu.

"Waliniuliza, Babu: kama ungekuwa chombo cha jikoni, ungekuwa chombo gani?"

"Ukajibu nini?"

"Nilisema mimi ni mtu."

Nilimpigia simu Femke papo hapo.

"Babu, usinikasirikie. Ni mtu mzuri. Ila hakukuwa na ule mvuto."

"Mvuto upi? Anatafuta kitanda, hatafuti mchumba."

"Mezani tunaongea Kiholanzi, tunataniana. Yeye angekaa pale tu."

"Wewe ulipiga kura gani?"

"Tulikubaliana wote, Babu."

Nilikata simu. Nilimbatizisha mtoto huyu. Namaanisha kwamba nilisimama kanisani na mkutano wote, nikaahidi kusaidia kumlea katika kicho cha Bwana. Na hiki ndicho tulicholea: watoto wenye afya njema, wenye meno mazuri, wanaomkataa mtu kwa kura kwa sababu ya chombo cha jikoni. Sikuweza kuomba kabla ya kulala. Nilisema maneno, lakini sikuomba.

Jumamosi, 21 Oktoba

Upepo umeng'oa vigae viwili. Rambu amepata sita kwa kazi ya pili ya kikundi. Aliingia tu.

Jumapili, 5 Novemba. Jumapili ya Misheni

Naandika nikiwa nimetulia, ili baadaye nisije nikasema kwamba hasira ndiyo iliyoshika kalamu.

Kanisa lilijaa. Rambu alisimama mbele akiwa amevaa nguo aliyofumiwa na mama yake, nyekundu ya kutu, yenye farasi waliopangwa kama jeshi. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mchungaji alitafsiri.

Alisema kwamba bibi yake alifundishwa kusoma na mwalimu mmisheni aliyetoka katika mji huu huu. Alisema mwalimu yule alipofika hakuwa na nyumba, akapokelewa katika nyumba ya ukoo wao, akalala karibu na jiko kwa miaka miwili hadi nyumba yake ilipokwisha kujengwa. "Bibi alisema mwalimu alikoroma sana," akasema, na watu wakacheka. "Alikuwa hali pilipili, wakawa wanampikia sufuria yake peke yake. Hakuna aliyehesabu usiku aliolala." Kisha akashukuru kwa maombi, akashukuru kwa michango, na akalishukuru kanisa kwa zile siku kumi na nne na kwa kuongezewa hadi leo.

Hakukuwa na kejeli sautini mwake. Nilimwuliza baadaye kama alikusudia kuwachoma, akashangaa. "Nilishukuru, Babu."

Ndipo sahani za sadaka zikazunguka kwa ajili ya Sumba. Zilijaa. Niliziona zikipita mbele yangu, mbele ya watu wenye nyumba za orofa tatu na vyumba ambavyo watoto wameviacha, na kila mmoja akatoa kwa ukarimu kwa ajili ya kisiwa kilicho mbali. Wakati wa kahawa walipanga foleni kumshika mkono. Walimgusa nguo. Walimwambia ni nzuri.

Folkert alinijia na kikombe chake.

"Amezungumza vizuri mno, ndugu Hessel. Nilitokwa na machozi kidogo. Kesho anaondoka saa ngapi?"

"Haondoki."

"Tulikubaliana."

"Ninyi mlikubaliana. Mimi nilishukuru, kama yeye."

Akanishika kiwiko na kunisogeza kando, karibu na makoti. "Usinifanyie hivi. Wenzako wa Ua wananiuliza kila siku. Kanuni isipokuwa ya wote si ya mtu yeyote."

"Una vyumba vingapi nyumbani, Folkert?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Vingapi?"

"Martje hawezi wageni, unajua mishipa yake. Na hilo, narudia, ni jambo lingine." Akaweka kikombe mezani. "Akiwa bado yupo Majilio yatakapoanza, mwanzoni mwa Desemba, wasimamizi watakutaka wewe uondoke. Sisemi kwa furaha."

"Sema basi kwa huzuni, nikuone."

Hilo sikupaswa kulisema. Nililisema kwa sauti, na watu wawili waligeuka.

Jumanne, 14 Novemba

Hakuna aliyenisalimu bustanini leo. Vema. Sikuwa na salamu.

Ijumaa, 24 Novemba

Ameondoka.

Sikujua kitu. Nilitoka kumtembelea mgonjwa, na niliporudi nikakuta mashuka yamekunjwa vile vile nilivyomfundisha mwezi Septemba, ncha kwa ncha, na sanduku halipo. Jirani yangu Aaltje alikuwa akifagia majani. Nilimwuliza kama amemwona.

"Alikuja kuniaga," akasema Aaltje. "Mtoto mwenye adabu."

"Nani alimwambia kuhusu Majilio?"

Akaendelea kufagia. "Alipaswa kujua, Hessel. Mwanamke mzima. Ungelala wapi wewe, na magoti hayo?"

Sijui nilimjibu nini. Najua kwamba alikwenda ndani akaacha ufagio.

Nilimpata Rambu kwa simu saa moja jioni. Yuko kwa Femke, sakafuni, siku mbili tu. Wenzake Femke hawakukubali zaidi. Baada ya hapo kuna kochi kwa yule Mnepali, na baada ya hapo ataona.

"Rudi hapa sasa hivi," nikamwambia.

"Hapana, Babu."

"Huna haki ya kuniamulia mambo ya nyumba yangu!"

"Si nyumba yako, Babu. Ni ya kanuni."

Nikamkaripia. Nilimwita mkaidi na asiye na shukrani. Alisikiliza mpaka mwisho, kama wasikilizavyo watoto waliolelewa vizuri, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ana mitihani mwezi Januari, na kazi mbili za kuwasilisha kabla ya Krismasi. Atasoma wapi? Kwenye kochi, magotini mwa watu?

Alhamisi, 30 Novemba

Theluji nyepesi, imeyeyuka adhuhuri. Yuko kwenye kochi la Mnepali. Anakohoa.

Ijumaa, 8 Desemba

Kabla ya kila Meza ya Bwana baraza la wazee huketi, na mchungaji humwuliza kila mmoja kwa jina lake: je, liko jambo kati yako na ndugu yeyote linalokuzuia kuiendea Meza? Kwa muda wote niliokuwa mzee wa kanisa, jibu limezunguka meza, hapana, hapana, hapana, kama watu wanaopitishiana sukari.

"Ndugu Wiersinga?"

"Liko," nikasema.

Kalamu ya katibu ilisimama. Mchungaji alivua miwani.

"Kati yangu na ndugu Dijkema," nikasema. "Na kati yangu na baraza hili. Tumekusanya sadaka kwa ajili ya nchi ya binti yule, na siku hiyo hiyo tukauliza anaondoka saa ngapi. Sasa analala kwenye kochi. Sitakula mkate na mtu aliyemtoa, wala na watu waliotazama."

Folkert alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Mimi sikumtoa. Nililinda utaratibu tuliokabidhiwa. Wewe mwenyewe uliziwekea sahihi kanuni zile ulipoingia, Hessel, na ulizifurahia pale Aaltje alipotaka kumweka dada yake!"

"Huyo alikuwa na nyumba yake."

"Kanuni haiulizi!"

"Ndugu," akasema mchungaji, "ndugu, tafadhali. Folkert, mpe mkono. Hessel, mpe mkono. Tulimalize hapa."

Folkert alinyoosha mkono juu ya meza. Ulikuwa mkono mkubwa wa mkulima, na ulikaa pale hewani kwa muda. Sikuupokea.

Nilirudi nyumbani kwa miguu katika mvua. Nataka kuandika ukweli: nilijisikia vizuri. Nilijisikia kijana.

Jumapili, 10 Desemba. Meza ya Bwana

Kwetu watu hutoka katika mabenchi na kuketi pande zote za meza ndefu, mkate na kikombe vikipita mkono kwa mkono. Nilibaki nimeketi. Ni mara ya kwanza tangu nilipokiri imani yangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Kanisa zima liliniona, nami nilikaa wima ili waone vizuri.

Ndipo nikamwona Rambu akiinuka nyuma. Alikuja mbele taratibu, katika koti la Femke linalomfika magotini, akikohoa kwenye kiganja. Kiti kimoja tu kilikuwa kimebaki, na kilikuwa kando ya Folkert.

Akaketi.

Nilidhani atainuka atakapomtambua. Hakuinuka. Mkate ulipita. Kisha kikombe kikamfikia yeye, akanywa, akakipangusa ukingo kwa kitambaa kama alivyowaona wengine wakifanya, na akamgeukia Folkert, akampa kwa mikono yote miwili, akimwinamia, kama alivyonipa mkono siku ile ya kwanza. Folkert alikipokea. Alikaa nacho muda mrefu kabla ya kunywa. Watu waliokuwa baada yake walingoja.

Sijapata kukasirika hivi maishani mwangu, na nilikasirika ndani ya nyumba ya Mungu, wakati wa sakramenti. Nilimsubiri Rambu nje, chini ya dari ya mlango.

"Mimi nimekaa njaa kwa ajili yako!" nikamwambia. "Mbele ya watu wote! Nawe unakwenda kuketi naye?"

"Kiti kilikuwa hapo, Babu."

"Alikutoa nje!"

"Ndiyo." Alikohoa. "Lakini ile si meza yake. Na mimi nilikuwa na njaa."

Nilimwacha pale pale. Nilikwenda zangu bila kumuaga.

Jumanne, 12 Desemba

Leo mchana mchungaji alinipigia simu. Folkert alikwenda jana jioni kwa yule Mnepali, yeye mwenyewe, akapanda ngazi nne na kubisha hodi bila miadi wakati vijana wakila. Walimsogezea kiti na kumpa sahani. Hakujua la kufanya, akala. Kisha akabeba sanduku hadi kwenye gari lake. Rambu sasa ana chumba cha binti yao wa kwanza, chenye meza ya kusomea na dirisha linalotazama mfereji. Martje, mwenye mishipa, amempikia supu.

"Si habari njema?" akauliza mchungaji.

"Ni habari njema," nikasema.

Niliweka simu chini na kupiga meza kwa kiganja mpaka kikaniuma. Miezi mitatu nimepigana. Nimepoteza majirani, nimelinyamazisha baraza, nimeiacha Meza. Na aliyempa kitanda ni Folkert Dijkema.

Jumapili, 24 Desemba

Nimekaa benchi la nyuma.

Jumapili, 7 Januari

Rambu ameketi kati ya Folkert na Martje. Mahubiri yalipoanza, Folkert alimpitishia peremende bila kumtazama. Nilitazama ukuta hadi baraka.

Jumatano, 17 Januari

Rambu alikuja kunitembelea. Alikuwa ameweka miadi. Jambo hilo liliniumiza kuliko nilivyotarajia. Alikaa wima, akala biskuti moja na hakutazama kopo tena, akaniambia mitihani inaanza Ijumaa.

"Wanakutendea vyema?"

"Ndiyo. Bibi Martje anaogopa panya na radi, na watu wasiojulikana. Mimi sasa najulikana." Akatabasamu. "Babu Folkert husimama nje ya mlango wangu saa nne usiku na kukohoa. Maana yake nizime taa."

Babu Folkert.

"Umekuja kuniambia nimsamehe," nikasema.

"Hapana. Nimekuja kukuona." Akazungusha kikombe. "Babu, ulikasirika kwa ajili yangu. Nyumbani hilo ni jambo kubwa, nitamwambia mama. Hakuna mwingine hapa aliyekasirika. Lakini ulipokwisha kukasirika sana, ulikuwa huniulizi chochote. Hukuniuliza nalala wapi wiki ile ya baraza. Ulikuwa unazungumza juu ya Folkert."

Nilitaka kukanusha. Nimetafuta tangu alipoondoka hadi sasa swali hata moja nililomwuliza wiki ile, na sijalipata.

Jumatatu, 29 Januari

Amefaulu yote. Kazi yake ya kuyashika maji ya mvua katika udongo mwepesi imepata nane na nusu, na kijana Sjoerd, kwa maelezo ya Femke, amekuwa akiieleza kwa watu kana kwamba ni yake.

Jumatano, 31 Januari

Tulimsindikiza kituoni: mimi, Femke, Folkert na Martje, ambaye alikuja licha ya umati wa watu. Femke alilia na kusema samahani, na Rambu akamwambia kwamba sasa amepata jibu, angekuwa sufuria. Walicheka wakishikana. Mimi na Folkert tuliinua lile sanduku kulipandisha garimoshini, kila mmoja kwa upande wake, bila kusemezana, na alipotushukuru alitushukuru sote wawili kwa pamoja, akatuinamia mara moja tu.

Treni ilipokwisha kupotea, wanawake walitangulia. Folkert alibaki amesimama.

"Nyumba imekuwa kubwa," akasema.

"Bado nina hasira nawe, Folkert."

"Najua. Na mimi nina hasira nawe. Uliuacha mkono wangu hewani mbele ya ndugu zangu wote. Martje ananiuliza hadi leo ulikaa hewani muda gani."

"Nitauacha tena. Kanuni ile bado iko. Februari wanakuja wanafunzi wengine. Ukumbi wa michezo utajaa tena."

Akavuta kola ya koti. Upepo ulikuwa mkali jukwaani.

"Basi ilete kanuni yako mpya kikaoni kwa wasimamizi," akasema. "Isimamie. Piga kelele. Mimi nitaipinga, maana milango ikiachwa wazi tu, Aaltje na wenzake hawatalala. Lakini nitaisikiliza hadi mwisho, na ukinishinda nitaiwekea sahihi." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Na umwulize mtu mmoja mmoja, Hessel. Usiwahubirie. Nani ana chumba, anaogopa nini. Mimi hakuna aliyeniuliza naogopa nini."

Nimeketi sasa na majina ya washarika. Nitaanza na Aaltje kesho, saa nne asubuhi. Nimeweka miadi, naye amekubali, kwa ukali. Kwanza nitamwomba radhi kwa ajili ya ufagio na kwa ajili ya dada yake.

Jioni hii nimemwomba Bwana aniondolee hasira. Kisha nikamwomba asifanye haraka. Kikao ni tarehe kumi na tatu.